Tusiisingizie damu



Wazee wetu walituachia methali zinazogombana. Upande mmoja walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, wakaongeza kuwa maji hufuata mkondo. Upande wa pili wazee walewale, pengine jioni ileile na chini ya mti uleule, wakatuambia samaki mkunje angali mbichi, na kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Ukizichukua zote nne ukazipanga mezani, huwezi kujua kama mtoto huja duniani akiwa amekwisha kuandikwa, au huja kama udongo wa mfinyanzi. Mimi siwalaumu wazee. Methali ni kama panga la nyumbani, kila mtu hulichukua kwa kazi aliyonayo siku hiyo. Tatizo ni sisi, maana tuna desturi ya kuchagua ile inayotupunguzia kazi.

Hebu tusikilize tunavyosema mitaani. Mtoto wa jirani akiiba embe, hiyo ni damu, hata babu yake alikuwa na mkono mrefu. Mtoto wetu akiiba, ni makundi mabaya yamemharibu. Mtoto wetu akifaulu, akili karithi kwa baba. Akifeli, karithi kwa mama, au shule ile haina walimu. Mambo haya yangekuwa ya kuchekesha tu kama yangeishia barazani. Lakini yanaingia pia katika chumba cha walimu, na huko hayachekeshi. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 darasani, na mshahara tunaoujua, anapomtazama mtoto wa nyuma kule anayesinzia na kusema, "Huyu hata umfanye nini, kwao ndivyo walivyo," hapo uamuzi umekwisha kutolewa. Kuanzia siku hiyo mtoto yule hataulizwa swali. Ndiyo maana leo nataka tuichambue sentensi hiyo, tuone ina ukweli kiasi gani.

Tuanze na kilicho kweli. Ndani ya kila chembe ndogo ya mwili wako, isipokuwa chache kama vile chembe nyekundu za damu zilizokwisha kukomaa, mna maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya kikemia, nusu yametoka kwa baba na nusu kwa mama. Zamani shuleni tuliyaita chembe za urithi, siku hizi tunayaita jeni au vinasaba. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zinazoagiza utengenezaji wa protini. Mtu asikudanganye kwamba hazina nguvu. Kundi la damu yako limeamuliwa nazo, na hakuna malezi, sala wala chakula kitakachoibadili damu ya kundi O ikawa ya kundi B. Mapacha wa yai moja, hata wakilelewa mbalimbali, hufanana kwa namna inayoshangaza. Anayekana urithi ajaribu kueleza sura yake mwenyewe kwenye kioo.

Lakini tuangalie jeni inafanya nini hasa. Jeni haitengenezi mwizi, wala mwanahesabu. Inaagiza protini, au inaamua protini itengenezwe lini na kwa kiasi gani. Kutoka protini hadi mtoto anayesoma darasa la nne ni safari ndefu, na njiani agizo hilo linakutana na chakula, malaria, minyoo, usingizi, fimbo, hadithi za bibi, na maji ya kunywa. Kwa hiyo swali la "kiasi gani damu, kiasi gani malezi" kwa mtoto mmoja ni swali bovu. Chukua ugali uliopo mezani kwako. Niambie ni asilimia ngapi umetokana na unga na asilimia ngapi umetokana na moto. Huwezi. Unga mtupu si ugali, na moto mtupu utachoma sufuria.

Msikilizaji makini atanibana hapa. Atasema, mbona wataalamu hutoa asilimia? Mbona tumesoma kwamba kimo cha binadamu kinatokana na urithi kwa asilimia 80 hivi? Ni kweli, hesabu hizo zipo, na zimetolewa katika nchi ambako watu wengi wanakula wakashiba. Ila maana yake sivyo inavyodhaniwa. Haina maana kwamba katika sentimita zangu 170, sentimita 136 nimepewa na wazazi na zilizobaki nimepewa na maharage. Ina maana kwamba ukichukua watu wa nchi hiyo, wanaoishi maisha yanayokaribiana, tofauti za kimo kati yao kwa sehemu kubwa zinafuatana na tofauti za jeni zao. Hesabu inahusu tofauti ndani ya kundi, na inahusu kundi lile katika mazingira yale.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Richard Lewontin, alilieleza jambo hili mwaka 1970 kwa mfano wa mbegu, na kwa kuwa sisi ni watu wa mahindi nitausimulia kwa jembe letu. Una gunia la mbegu za mahindi zilizochanganyika, si za aina moja. Chota kiganja kimoja, panda katika shamba lenye samadi na maji ya kutosha, kila shina lipate sawasawa na jirani yake. Chota kiganja cha pili kutoka gunia lilelile, panda kwenye kichanga kilichochoka. Katika kila shamba utaona mabua marefu na mafupi, na kwa sababu udongo wa shamba moja ni mmoja, tofauti hizo ni za mbegu tupu. Hapo urithi ni asilimia 100. Lakini simama katikati ya mashamba mawili. Kule mahindi yanakupita kichwa, huku yanakufika kiunoni. Tofauti hiyo kubwa inatokana na mbegu? La hasha. Gunia ni moja. Ni udongo.

Mfano huo si wa mahindi peke yake. Watafiti waliokusanya vipimo vya kimo vya dunia nzima walionyesha mwaka 2016 kwamba wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwaka 1996 ni warefu kwa sentimita 20 hivi kuliko waliozaliwa mwaka 1896. Sentimita 20 ni zaidi ya urefu wa kalamu ya mwanafunzi. Katika miaka 100 jeni za Wakorea hazikubadilishwa. Kilichobadilika ni sahani, kisima na zahanati.

Sasa, kwa nini nasumbuka na hesabu za gunia na mashamba? Kwa sababu walikuwapo watu hapa hapa Afrika Mashariki waliosimama katikati ya mashamba mawili, wakatazama mabua mafupi, wakatangaza kwamba mbegu ni mbovu.

Miaka ya 1930 katika koloni la Kenya walikuwapo madaktari wawili ambao majina yao yamehifadhiwa katika maandishi. Mmoja ni H. L. Gordon, aliyehudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwingine ni F. W. Vint, mtaalamu wa maabara ya serikali jijini Nairobi. Gordon alipima vichwa vya Waafrika walio hai, Vint akapima na kupasua bongo za Waafrika waliokufa. Mwaka 1933 wakereketwa wa mambo hayo waliunda chama chao cha kuchunguza kile walichokiita uboreshaji wa mbari za watu, na mwaka uliofuata Vint alichapisha matokeo yake katika jarida la kitaalamu la Uingereza. Madai yao, kwa ufupi, ni kwamba ubongo wa Mwafrika mtu mzima umekomaa kufikia kiwango cha mtoto wa Kizungu wa miaka saba au minane. Gordon akaenda mbele zaidi, akahoji kama ni salama kumpa Mwafrika elimu ya Kizungu, asije akarukwa na akili.

Ndugu msikilizaji, usiwadhanie kuwa walikuwa wahuni wa mitaani. Walikuwa na shahada, mizani na darubini. Walipeleka maombi London wapewe fedha za utafiti mkubwa zaidi, wakajadiliwa magazetini, na ni bahati kwamba serikali ya huko haikuwapa. Kosa lao halikuwa katika kupima. Kosa lilikuwa kwamba walilinganisha mabua ya mashamba mawili bila kuuliza habari ya udongo. Maiti wale walikula nini utotoni? Waliugua malaria mara ngapi? Nani aliwahi kuwafundisha kushika kalamu? Mwaka 1967, miaka 33 tu baada ya maandishi ya Vint, Nairobi hiyohiyo ilianza kufundisha madaktari wake katika chuo kikuu, na waliokaa madarasani ni watoto wa watu waliopimwa vichwa. Bongo za ukoo hazikubadilishwa katika miaka 33. Ilifunguliwa shule.

Hiyo ni historia, na kuilaani ni rahisi kwa sababu wakosaji ni wakoloni. Kigumu ni kujitazama sisi.

Tuje katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayolisha nchi. Mahindi, viazi, maharage, vyote vinatoka huko, malori yanapishana barabarani. Lakini utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano waliodumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao, walikuwa asilimia 57 hivi. Njombe na Rukwa walikuwa karibu nusu ya watoto wote. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Ukiwauliza watu, hukosi atakayekujibu kwa upole, "Sisi kwetu ni wafupi, ndiyo asili yetu." Sentensi ileile ya chumba cha walimu, ila safari hii inasemwa na mzazi mwenyewe.

Je, ni asili? Bahati nzuri swali hili limepimwa, tena kwa uangalifu. Kati ya mwaka 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto zaidi ya 8,000 katika nchi sita zilizo mbali kabisa kwa damu na kwa desturi, nazo ni Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto wa familia zisizo na dhiki, ambao mama zao hawavuti sigara, walionyonya maziwa ya mama na kupata tiba na chakula cha kutosha. Matokeo yalitolewa mwaka 2006. Mtoto wa Accra, wa Muscat na wa Oslo walikua karibu sawasawa. Katika tofauti zote za urefu zilizoonekana, zile zilizotokana na nchi mtoto alikozaliwa zilikuwa asilimia 3 tu, na zile za mtoto mmoja na mwenzake ndani ya nchi zilikuwa asilimia 70. Kwa hiyo damu ipo, mtoto mrefu na mfupi wapo kila mahali, lakini hakuna taifa ambalo watoto wake wameumbwa kudumaa. Kadi ya kliniki anayopewa mama siku hizi, yenye mistari ya ukuaji, imetokana na kazi hiyo.

Na kama hilo halitoshi, chukua Tanzania yenyewe. Mwaka 2010 udumavu ulikuwa asilimia 42. Mwaka 2022 ukawa asilimia 30. Miaka 12. Hakuna aliyekuja usiku kubadilisha damu ya Watanzania.

Kwa hiyo kule kusini shamba limejaa na mtoto hajajaa, kwa nini? Wataalamu wa lishe hutaja mambo ambayo kila mama wa kijijini anayajua bila kuambiwa. Mtoto wa miezi minane tumbo lake ni dogo kama ngumi yake, anahitaji kula mara nyingi kwa siku, lakini mama yuko shambani tangu alfajiri, na mtoto ameachiwa dada yake wa miaka saba pamoja na bakuli la uji wa mahindi matupu. Yai linauzwa, maharage yanauzwa, maziwa yanauzwa, ada ya shule ipatikane. Kuhara kunakuja, kunaondoka, kunarudi. Baba yupo, lakini chakula cha mtoto ni habari za wanawake. Ndugu zangu wa mjini wasijipongeze haraka, maana chapati na chai ya rangi ya asubuhi, ambayo tunampa mtoto tukidhani tumemkirimu, haina tofauti kubwa na uji ule. Na kinachodumaa si miguu peke yake. Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, ndizo ambazo ubongo unajengwa kwa kasi. Mtoto anayesinzia dawati la nyuma huenda akili yake ilianza kunyimwa kabla hajajua kutamka jina lake. Halafu tunasema ni wa kwao.

Naona nimewapendelea sana watu wa malezi. Sasa niende kwenye ugonjwa ambao ni wa jeni bila ubishi, tuone kama huko angalau damu ndiyo inayotawala peke yake.

Ugonjwa huo ni selimundu, ambao wengi mtaani wanauita siko seli. Herufi moja tu katika agizo la kutengeneza hemoglobini, ile protini inayobeba hewa safi ndani ya damu, imeandikwa tofauti. Basi. Mtoto akipata agizo hilo kwa baba na kwa mama, chembe zake nyekundu za damu, hewa inapopungua, hujikunja kama mundu wa kuvunia mpunga, zinakwama katika mishipa midogo, na maumivu yake asikwambie mtu. Tanzania hukadiriwa kuzaa watoto 11,000 hivi wenye ugonjwa huu kila mwaka.

Kwa nini jeni mbaya hivyo imeenea kwetu? Jibu lilipatikana hapa hapa. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa pwani, wa kandokando ya Ziwa Victoria na wa milimani, akaona kwamba jeni hii imejazana penye malaria na ni haba pasipo na malaria. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake. Mwenye agizo moja tu la mundu na jingine la kawaida, yule ambaye cheti cha maabara humwandika AS, si mgonjwa wa selimundu, na malaria kali humuogopa kwa kiasi kikubwa. Kwa karne nyingi watoto hao walipona wakati wenzao walipokufa, wakakua, wakazaa, wakairithisha. Jeni ileile, herufi ileile, penye mbu ni ngao. Mhamishie mwenye nayo Chicago, ambako hakuna malaria, haimkingi na chochote. Sasa niambie, jeni hii ni nzuri au ni mbaya? Huwezi kujibu kabla hujauliza ni wapi.

Na hata kwa mtoto mwenye maagizo mawili, yaani mgonjwa mwenyewe, damu haisemi neno la mwisho. Jamaica ilianza mwaka 1973 kupima watoto wachanga siku wanayozaliwa ili wajulikane mapema. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwapa watoto hao penisilini, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu, kila siku, kabla hawajaugua. Maambukizo makali ya bakteria wa nimonia yalipungua kwa asilimia 84, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wale wengine. Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya dawa iitwayo haidroksiyurea, iliyojaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 katika miji ya Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua. Hakuna hata mtoto mmoja kati yao aliyebadilishiwa jeni.

Kwa hiyo kuna watoto wawili wenye damu moja. Wa kwanza amezaliwa panapopimwa, anakunywa penisilini, amechanjwa, ana chandarua, mama yake ameelezwa kumnywesha maji mengi na kumkinga na baridi. Huyo atakuwa mtu mzima, atafanya kazi, pengine atakuwa na wajukuu. Wa pili amezaliwa pasipopimwa. Anavimba vidole akiwa na miezi minane, watu wanasema ni zongo, anazungushwa kwa waganga, na makadirio ya wataalamu ni kwamba pasipo tiba zaidi ya nusu ya watoto wa namna hiyo hawafiki miaka mitano. Ukimuuliza mtu kifo hicho kimetokana na nini, atakwambia ni ugonjwa wa kurithi. Amerithi, ndiyo. Lakini na yule mwenzake amerithi.

Naomba nisieleweke kwamba malezi ni kila kitu, maana huko nako kuna watu walioumizwa. Miaka ya 1950 na 1960 mabingwa wa Marekani waliwaambia akina mama wa watoto wenye usonji kwamba watoto wamekuwa hivyo kwa sababu mama zao hawana upendo. Fikiria mama anaambiwa hivyo na daktari. Mwaka 1977 utafiti wa mapacha uliofanyika Uingereza ukaonyesha kwamba urithi una sehemu kubwa katika usonji, na lawama ile ikaanza kuporomoka. Kwetu nasi mama akijifungua mtoto mwenye ualbino, mume hufunga virago akidai kuna jambo lililotendeka. Kumbe ualbino huhitaji jeni kutoka pande zote mbili, mama na baba sawasawa, na bwana anayefunga virago anaondoka na nusu ya sababu mwilini mwake.

Mtoto huyo mwenye ualbino ndiye anayenirudisha katika chumba cha walimu. Jeni zake zimemnyima rangi ya ngozi, na pia zimemdhoofisha macho, maana rangi hiyohiyo inahitajika katika ujenzi wa jicho. Haoni ubao vizuri. Akikaa nyuma anakosa, akikosa anachapwa, akichapwa anachukia shule, mwisho wa mwaka anashika mkia. Ripoti inaandikwa "uwezo wake ni mdogo". Msogeze mita nne mbele. Mpe miwani ikifaa, andika kwa chaki kubwa, mruhusu kuliinamia daftari la mwenzake, mvalishe kofia pana na mikono mirefu wakati wa paredi ili jua lisimtie kansa ya ngozi. Katika hayo yote lipi ni la gharama? Kofia tu, na miwani. Kumsogeza ni bure.

Nina dakika mbili, nijibu swali la msikilizaji mmoja wa Dar es Salaam. Anasema yeye na mchumba wake wamepimwa, wote wawili ni AS. Wazazi wamesikia, wanataka uchumba uvunjwe. Afanye nini?

Bwana, mimi sivunji uchumba redioni. Nitakupa hesabu tu. Ninyi wawili si wagonjwa. Kila mimba mtakayopata ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa mtoto mwenye selimundu, mbili kati ya nne kuwa AS kama ninyi, na moja kati ya nne kutokuwa nayo kabisa. Hesabu huanza upya kila mimba, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mkishampata mgonjwa mmoja basi watatu wanaofuata watakuwa salama. Robo si jambo dogo, na wapo wanaoamua kuachana, sitawacheka. Wapo pia wanaooana macho wazi. Lakini kabla hamjaamua, nendeni hospitali mnayotarajia kujifungulia mkaulize mambo matatu: mtoto mchanga anapimwa selimundu hapa, au lini na wapi? Penisilini ya watoto ipo? Haidroksiyurea ipo, na inauzwa shilingi ngapi kwa mwezi? Mkirudi na majibu niandikieni, nitayasoma hapa hapa ili na wengine wanaotarajia kujifungulia hospitali hiyo wayasikie.

Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, kwaheri.